Mafuta ya Mguuni

Tulipomzika Fundi Sebi kule Koboko, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka wakingoja chakula, kijana mmoja nisiyemfahamu alianza kusimulia habari za lile gari la zamani la marehemu, jinsi siku moja lilivyoingia jikoni kwa mkewe kwa sababu Fundi alikuwa na vidole vitatu tu katika mkono wa kulia. Watu walicheka kwa upole, kama wanavyocheka watu msibani wakishachoka kulia. Mimi nilikuwa upande wa akina mama, nimeshika kikombe cha chai, na nikahisi uso wangu unapata moto kama uso wa binti wa miaka kumi na tisa. Gari liliingia jikoni, hiyo ni kweli, nilikuwepo. Lakini mkono haukuwa na kosa. Nilisema hivyo zamani mbele ya watu, nikadhani jambo limekwisha. Kumbe hadithi ya mkono ni rahisi kusimulia kuliko ile ya kweli, ndiyo maana imeishi. Naandika ile ya kweli, ingawa hainipambi.

Ulikuwa mwaka wa kurudi Uganda baada ya vita. Tulikuwa tumetoka Zaire na Sudani, miaka ya themanini inaelekea ukingoni, na kila nyumba ilikuwa na kuta za zamani na paa jipya la nyasi. Nilikaa kwa shangazi yangu, mahali paitwapo Ediofe karibu na mji wa Arua, na kila asubuhi nilitembea hadi Aroi kwa Fundi Sebi, mshonaji Mkakwa wa Koboko aliyeoa na kujenga huko. Katika chumba chake cha mbele zilikuwepo cherehani nne, tatu nzima na moja iliyokufa, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha zile tatu haziifuati ya nne. Hakuna aliyenifundisha. Kule ukimbizini nilifungua cherehani ya jirani bila ruhusa, nikapanga kila kipande juu ya kitenge kwa mfuatano wa kutoka kwake, nikavirudisha vyote kabla mwenyewe hajarudi kutoka sokoni. Ikashona. Tangu siku hiyo niliitwa fundi, na tangu siku hiyo niliishi kwa hofu, maana mtu aliyefundishwa ana mwalimu wa kumwambia kazi imekwisha, na mimi sikuwa naye. Nilikuwa nafungua skrubu niliyoifunga vizuri ili nione kama niliifunga vizuri. Shangazi alisema nitazikwa na bisibisi mkononi.

Chumba kile bado nakiona. Kilikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani na chaki, sare za shule zimetundikwa kwenye waya kama darasa la watoto wasio na vichwa, na dirisha moja ambalo Fundi hakulipa mgongo kamwe. Saa saba mkewe, Mama Hawa, alileta ugali wa muhogo na mtama, mwekundu na mgumu, na angara, vile visamaki vidogo vya kukausha, vimepikwa na simsim. Fundi alikula polepole kwa vidole vyake vitatu. Dole gumba na kidole cha kwanza vilibaki kwenye mlango wa lori siku ya kukimbia. Kiganja kilikuwa kizima: aliweza kusukuma kitambaa, kukandamiza, hata kushika usukani, lakini hakuweza kubana kitu chembamba, na kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa kazi ya Mama Hawa. Mimi nilikula haraka nikarudi chini ya meza, na nikiwa huko watu walinisahau wakaongea. Nilijifunza mengi kuhusu West Nile chini ya cherehani. Mwaka ule mazungumzo yalikuwa ya milango: nani ameukuta mlango wake kwenye nyumba ya nani, na ataanzaje kuudai bila kuvunja ujirani.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha mviringo kisicho na mlango kabisa, na nilidhani ni ghala lililoachwa. Siku moja Fundi alichukua jembe akaanza kuupiga ukuta. Mashemeji zake, wakati wa kukimbia, walikuwa wamejenga kibanda kile kulizunguka gari lake, wakakandika, wakaezeka, wakaenda zao. Hakuna askari aliyejisumbua na nyumba isiyo na mlango. Udongo ulipoanguka tuliliona: refu, jeusi, lenye magurudumu membamba, lina umri mkubwa kuliko Fundi mwenyewe, na viti vimeliwa na panya. Mzee Wani, kaka mkubwa wa Fundi, aliyewahi kuwa dereva jeshini, alikuja kutoka Koboko kusaidia. Walilihangaikia wiki mbili, wakizungusha hendeli kwa zamu, na siku lilipokubali kunguruma kuku wote wa nyumba ile walihamia kwa jirani.

Ndipo tatizo likaonekana. Gari hilo lilikuwa na pedeli tatu sakafuni: ya kushoto ya gia, ya katikati ya kurudi nyuma, ya kulia ya breki. Pedeli ya mafuta haikuwepo. Mafuta yalikuwa kwenye kijiti chembamba chini ya usukani, upande wa kulia, cha kubanwa kwa dole gumba na kidole cha kwanza na kusogezwa kidogo kidogo wakati mkono umeshika usukani. Kabla ya vita Fundi alifanya hivyo bila kufikiri. Sasa kila akitaka mafuta ilibidi auachie usukani, akigonge kijiti kwa kiganja, na gari liruke kama limechomwa. Mzee Wani alimwambia akae nyuma, yeye ataliendesha hadi Koboko, mambo yaishe. Jioni ile, nikifunga vyombo vyangu niende Ediofe, Fundi aliniita kando.

“Siku ya kukimbia nilipita Koboko kama mzigo,” alisema. “Nililala juu ya magunia, mkono imefungwa na bitana. Nataka kurudi nikiwa dereva. Wewe unaweza kuweka mafuta ya hii gari kwa mguu?”

Nilisema naweza. Nilisema kabla sijalitazama gari kwa chini, na hilo nalo ni la kukiri: sikuwahi kusema siwezi, kwa kuwa niliogopa nikisema mara moja wataanza kuhesabu vitu vingine nisivyoviweza. Nilikwenda mjini Arua kuwauliza mafundi wa magari wanatumia springi gani, na mmoja wao, Mzaire mwenye kofia ya sufu, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akawageukia wenzake. “Huyu mama anashona motokari,” aliwaambia. “Ataitia pindo.” Nilitembea hadi Aroi, na nikaapa kwamba nikimaliza hakuna atakayepata pa kucheka.

Nilichukua cherehani ile iliyokufa. Chini yake kulikuwa na kanyagio lake, bamba la chuma lenye matundu ya maua ambalo mshonaji huliwekea miguu na kulichezesha, kisigino na vidole, kisigino na vidole, siku nzima. Nilikata kipande cha katikati kwa msumeno wa chuma, chenye ukubwa wa unyayo mmoja, nikakifunga juu ya ekseli ndogo ili kiyumbe kama kilivyozoea. Kutoka hapo nilipitisha fito za breki za baiskeli hadi kwenye kabureta, na springi ya kiti cha baiskeli ya kuvuta mafuta yarudi mguu ukiondoka. Nilipima kwa futi ya kushonea. Nilipiga tupa kingo zote mpaka ningeweza kuzipitishia shavu. Springi ya kwanza ilikuwa ngumu, ikimsukuma Fundi mguu, nikaitoa; ya pili na ya tatu nikazitoa; ya nne ilikuwa laini kama pumzi. Kazi ya siku tatu niliifanya kwa wiki tano. Fundi alipoiwekea mguu mara ya kwanza alifumba macho akatabasamu, akasema mguu wake umefika nyumbani. Sikuwahi kusifiwa hivyo. Hata leo, nikijua ninayoyajua, ile ndiyo kazi nzuri zaidi iliyowahi kutoka mikononi mwangu, na ndiyo mbaya zaidi.

Tulijaribu uwanjani mbele ya nyumba, mchana, watu wa jirani wamesimama pembeni. Gari liliondoka kama maji. Fundi alizunguka uwanja mara mbili, uso wake umenyooka, kofia yake haitikisiki, na mimi nikakimbia kando nikichungulia mguu wake. Mara ya tatu, akikaribia nyumba, Mzee Wani alimpungia mkono asimame. Niliona kiganja cha Fundi kikishuka juu ya usukani na kuukandamiza kwa nguvu. Gari halikusimama. Lilipita juu ya muhogo uliokuwa unakauka kwenye mkeka, likaubeba mkeka, likaingia kwenye ukuta wa jiko la Mama Hawa mpaka taa zake zikawa ndani. Mama Hawa alikuwa ametoka jikoni kuomba chumvi kwa jirani. Kigoda alichokuwa amekalia kilikuwa chini ya gurudumu.

Hakuna aliyeumia. Nimelirudia neno hilo moyoni mwaka hadi mwaka, hakuna aliyeumia. Mama Hawa alirudi na chumvi kwenye jani, akatazama, akakaa chini palepale. Mzee Wani alizima gari, akaniuliza pedeli ina nini. Nililala chini, nikaibonyeza, ikarudi; nikaibonyeza mara kumi, ikarudi mara kumi. Nikasema iko sawa. Basi ni mkono, alisema, na watu wote wakasema ni mkono, na mimi nikanyamaza. Fundi alinitazama. Alikuwa anangoja niseme kitu, na mimi nikaanza kufuta mikono yangu isiyo na uchafu.

Nilinyamaza siku nne. Nilijiambia kwamba sikusema uongo, kwa kuwa kila kipande kilikuwa kinafanya kazi yake. Lakini nilikuwa nimeuona mguu. Nilikuwa nakimbia kando ya gari na niliona kwamba mguu ule haukuondoka, na sikutaka kujiuliza kwa nini, maana kama jibu si mkono, waliobaki walikuwa wawili, mimi na kazi yangu, nao walikuwa kitu kimoja. Ugali wa Mama Hawa, sasa uliopikwa nje kwenye mafiga matatu, niliurudisha karibu wote. Alinisukumia sahani akasema kula, mwanangu, jiko ni udongo tu, tutakandika lingine. Wema wake ulinifanya vibaya kuliko matusi.

Siku ya tano nilikuwa chini ya meza nikikaza mkanda wa cherehani ya pembeni, na Fundi alikuwa anashona kola kwenye yake. Mtu akamwita kutoka nje. Akasimamisha cherehani ili aitike, na nikaona kutoka chini kitu nilichokiona kila siku bila kukiona: mkono wake wa kulia uliliwekea kiganja gurudumu la juu, cherehani ikasimama, na miguu yake haikutoka kwenye kanyagio. Ililala pale imetulia, kama watu wanaongoja waendelee na safari. Mshonaji hasimamishi cherehani kwa mguu. Anaisimamisha kwa kiganja, na mguu unabaki. Kwa miaka thelathini Fundi alikuwa amesimama hivyo mara mia kwa siku, na mimi nilikuwa nimekichukua kitu kilekile ambacho mguu wake ulikijua, nikakipiga tupa kikawa laini zaidi, nikakiweka chini ya gari. Alipotaka kusimama, kiganja kilifanya kazi yake. Mguu ulipumzika juu ya mafuta.

Nilibaki chini ya meza muda mrefu. Huko nikasikia kikao kikianza upande wa pili wa pazia la mlango wa ndani, Mzee Wani, Fundi na Mama Hawa. Mzee Wani alisema kwa sauti ya chini, bila ukali, kwamba gari litakwenda naye Koboko, ataliendesha yeye, na Fundi atakaa nyuma kama mzee mwingine yeyote.

“Ndugu yangu, leo ilikuwa jiko,” alisema. “Kesho itakuwa mtoto ya mtu.”

“Mkono yangu haikufanya kitu,” Fundi alisema.

“Kama si mkono, ni nini?”

Fundi hakulitaja jina langu. Alikuwa na kila sababu ya kulitaja. Nilitoka chini ya meza, magoti yana vumbi na vipande vya nyuzi, nikafungua pazia.

“Mzee, si mkono,” nilisema. “Ni pedeli yangu.”

Mzee Wani alinikumbusha kwamba aliniuliza, na nikamjibu iko sawa. Nikasema ndiyo, chuma iko sawa, lakini nimeiweka kwa mguu usiojua kuondoka. Hawakuelewa. Nikamwomba Fundi akae ashone chochote, na Mzee Wani amsimamishe wakati wowote anaotaka. Walinitazama kama mtu mwenye homa, lakini Fundi alikaa. Alishona inchi kadhaa za kitambaa. Mzee Wani, ambaye jeshi halikuwahi kutoka kooni mwake, akapaza sauti: simama. Kiganja kikashuka kwenye gurudumu. Cherehani ikasimama. Wote wanne tuliinama kutazama chini ya meza, Fundi naye, na miguu yake ilikuwa imelala juu ya bamba la chuma kama paka wawili.

Mama Hawa ndiye aliyecheka kwanza, ameziba mdomo kwa leso. “Kumbe mguu haijui hata kama tumesimama,” alisema.

Mzee Wani hakucheka. Alisema basi mguu ndio mbaya, na hiyo haisaidii, kwani mguu wa miaka thelathini nani ataufundisha. Nikamjibu kwamba mguu siwezi, pedeli naweza. Akanitazama, kisha akamtazama mdogo wake, akasema wiki mbili, na yeye mwenyewe ndiye atakayepima. Akatoka nje.

Nilibaki na Fundi. Alikuwa anakata nyuzi za ile kola kwa wembe.

“Hiyo ya mguu, umejua lini?” aliuliza.

“Leo, Baba. Lakini siku nne nilinyamaza.”

“Kwa nini?”

“Niliogopa kwamba itakuwa ni mimi.”

“Sasa imekuwa wewe,” alisema. “Umekufa?”

“Hapana, Baba.”

“Basi lete msumeno.”

Sijui kama mtu asiyekuwa na hofu ya namna yangu ataelewa maneno yale yalinifanyia nini. Ilikuwa kana kwamba nimebeba ndoo kichwani tangu utotoni na mtu ameinyanyua kwa mkono mmoja. Nilitoka uwanjani nikapumua mpaka tumboni.

Pedeli ya pili ilinitesa kwa njia nyingine, maana ilibidi iwe mbaya. Mguu wa Fundi ulipaswa kuichukia. Niling'oa bamba la maua, nikaweka mahali pake kichwa cha bolti kubwa, juu kidogo, ambacho mtu hawezi kulaza unyayo: kisigino lazima kikae sakafuni na dole gumba pekee lisukume. Niliweka springi mbili ngumu badala ya ile laini, hata mguu ukilegea kidogo tu unarushwa pembeni, jirani na breki. Na kingo za bolti niliziacha kama msumeno ulivyoziacha, zenye meno, ili kila dakika zimkwaruze kandambili na kumkumbusha kwamba amekanyaga kitu ambacho si cherehani. Nilishika tupa mara tatu nizilainishe. Mara tatu niliirudisha kwenye mfuko. Fundi alipoikanyaga alikunja uso akasema hii ina tabia ya shemeji. Nikajua imefaulu.

Kwa wiki mbili Mzee Wani alikaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, akinywa chai na kupaza sauti ya simama wakati usiotarajiwa. Siku za kwanza kiganja kilikandamiza usukani na mguu ukachelewa. Kisha ukaacha kuchelewa. Hakutoa hukumu. Asubuhi moja tu alimwambia Mama Hawa afunge chakula cha njiani.

Safari ya Koboko nilikaa mbele na Fundi, Mzee Wani na Mama Hawa nyuma, na sikuona hata mti mmoja wa njia ile. Nilitazama sakafu. Walinisimulia baadaye kwamba watu walitoka mashambani kulitazama gari, kwamba wengine walipiga vigelegele, kwamba kulikuwa na wingu zuri. Mimi niliona dole gumba la mguu, kandambili, kichwa cha bolti, tena na tena, mpaka macho yakaniuma. Koboko ilipokaribia, kwenye mteremko, ng'ombe waliingia barabarani kutoka kwenye majani marefu, kundi zima, bila mchungaji. Kiganja cha kulia kilipiga usukani kwa kishindo, mazoea yale yale. Na katika pigo hilo hilo mguu uliruka kutoka kwenye bolti kama umeguswa na kaa la moto, ukatua kwenye breki. Gari lilisimama hatua tatu kutoka kwenye pembe. Vumbi letu lilitupita likawafunika ng'ombe, na kwa muda hakuna aliyeona kitu.

Nilingoja Mzee Wani aseme. Nilikuwa tayari kwa lolote. Vumbi lilitua, ng'ombe mmoja akalamba taa, na sauti yake ikatoka nyuma, ya mtu aliyechoshwa na safari ndefu.

“Ng'ombe hii ni ya nani?” aliuliza.

Hilo tu. Aliwalaumu ng'ombe. Fundi alirudisha dole lake kwenye bolti, na tukaingia Koboko yeye akiwa mbele, amenyooka, akiitikia salamu za pande zote kwa kidevu kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Mbele ya nyumba ya Mzee Wani watu walijaa, na mtu akauliza nani ameleta gari hii kutoka Arua. Mzee Wani, akijikung'uta vumbi, alimwonyesha mdogo wake kwa mdomo.

Mimi niligundua kwamba nina njaa. Ilikuwa njaa kubwa, ya wiki nyingi, na nikakaa kwenye mkeka na akina mama wasionijua na kula bila kusubiri kuambiwa mara ya pili. Mama Hawa alikuja kukaa kando yangu na kandambili ya mumewe mkononi. Akanionyesha jinsi ilivyoliwa mbele, mpira umechanika kwa meno ya ile bolti, akauliza kama kesho sitaipiga tupa kidogo tu, ili iwe nzuri. Tupa ilikuwa kwenye mfuko wangu, hapo hapo ubavuni.

“Hapana, Mama,” nilisema. “Tumwachie hivyo hivyo.” Nikamega tonge lingine.